Chumvi Katika Rojo la Bi. Vavra

Wheelock, Nebraska
2 Machi 1987

Kwa Mwenye Mgahawa wa Vavra, Tabor Creek

Bibi,

Mimi si mtu wa kulalamika, na majirani zangu watakuapia. Lakini Jumamosi nilikula kwako mkate wa nyama na viazi vya kuponda, na rojo ulilovimwagia lilikuwa na chumvi ya kukaushia samaki. Nilikunywa maji njia nzima, nikasimama kila kituo cha mafuta. Wewe ni mwanamke mwenzangu, unajua nilisimama kufanya nini.

Ingekuwa mara moja ningenyamaza, mkono huteleza. Lakini Jumamosi iliyotangulia ilikuwa supu ya kuku, na kabla yake maharage. Napita hapo kila wiki nikienda kumwona mwanangu anayefanya kazi upande huo, na kwa miaka miwili sijapata kula mahali pengine. Mkate wako wa nyama ulikuwa unanikumbusha kwamba duniani bado kuna watu wanaopika kwa kujali. Sasa sijui nikumbuke nini.

Naandika kwa nia njema. Onja kabla ya kupakua, ndilo ombi langu tu.

Wako,
Enid Thorsen


Tabor Creek
9 Machi 1987

Bi. Thorsen,

Barua yako nimeisoma wima, maana kukaa sina nafasi. Rojo hilo alilipika mama yangu, na kabla yake bibi yangu, aliyekuja nchi hii na sufuria yake mwenyewe kutoka Bohemia. Wakulima wa hapa wanafuta sahani kwa mkate mpaka mwosha vyombo anajiona anakula mshahara wa bure. Hakuna aliyefungua mdomo ila wewe. Huenda nyumbani kwako mnakula chakula cha wagonjwa, ukikutana na chakula chenye ladha unashtuka.

Unaniambia nionje. Mama, mimi nimesimama mbele ya jiko hili tangu sijaota meno ya ukubwa.

Hata hivyo sitaki mtu atoke kwangu na kinyongo. Jumamosi njoo, utapata pai ya nazi, hulipi kitu. Na huyo mwanao anayefanya kazi huku, mbona humleti? Kijana gani anamwacha mama yake ale peke yake kama mjane? Mwambie Bi. Vavra kasema aone haya. Mlete nimlishe mwenyewe, utaona kama atalia chumvi.

Loretta Vavra


Wheelock
23 Machi 1987

Bi. Vavra,

Nilikuja. Pai niliipata. Krimu ilikuwa imechacha.

Sisemi imekaribia kuchacha. Ilikuwa imechacha kabisa. Yule binti mrefu anayehudumia aliniona nikiweka uma chini, akaja akaiondoa sahani kabla sijatamka neno, mbio mbio, kama anaficha maiti. Mtu mwenye pua angeijua krimu ile tangu mlangoni.

Na mjane ndiye mimi, kwa taarifa yako. Mume wangu ametangulia mwaka wa nne huu.

Kuhusu mwanangu, hana nafasi. Tafadhali usimtaje tena. Nilikuandikia habari za rojo, sikukuandikia habari za nyumba yangu.

Sitakusumbua tena kwa barua wala kwa kukaa mezani kwako.

E. Thorsen


Tabor Creek
27 Machi 1987

Mama Thorsen,

Shikamoo. Mimi ni Twyla Pohl, yule binti mrefu. Anwani yako nimeiokota kwenye bahasha.

Bi. Loretta aliposoma barua yako aliikunja, akaingia chumba cha baridi tunakoweka nyama, akajifungia humo hata nikaogopa. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni baridi. Halafu akaimwaga krimu yote, hata ile iliyokuwa nzima, maana hakuweza kujua ipi ni ipi.

Ndiyo siri yenyewe. Januari alitoka mlango wa nyuma kumwaga maji machafu, akateleza kwenye barafu, kisogo kikapiga ngazi. Tangu siku hiyo hanusi kitu. Hasikii harufu ya kahawa, wala ya kitunguu, wala ya moshi. Na kumbe asiyenusa hasikii ladha pia. Anasema kula ni kama kutafuna gazeti. Ulimi wake bado unasikia chumvi tu na sukari, basi anamimina chumvi mpaka aisikie. Aliniapisha nisimwambie mtu.

Habari ya wakulima kufuta sahani usiiamini. Mzee Lundeen hufunga nyama kwenye karatasi akampelekea mbwa wake, na siku hizi hata mbwa akiona karatasi anageuza uso. Watu wanakuja kwa kumpenda, lakini tumbo halijui mapenzi. Meza za mchana zimeanza kubaki tupu. Yeye anasema ni uchumi. Juzi asubuhi nilifungua mlango nikakuta gesi imejaa jikoni, naye anatafuta kiberiti huku anaimba.

Kuna na la pili, nikikosea nisamehe. Mimi nimezaliwa hapa. Nusu ya mji huu wameajiriwa gerezani, na nusu nyingine tunawalisha wanaokuja kuona wafungwa. Mgeni wa gereza tunamjua akishuka garini. Hana mkoba, funguo zake ziko kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, na nywele kazitengeneza kama anakwenda kanisani. Hatuulizi, na wewe hatujakuuliza. Lakini wageni wote hutoka kule alasiri. Wewe tangu baridi ianze unaketi kwetu hata kabla chakula cha mchana hakijaiva, na koti huvui.

Bi. Loretta hayajui haya. Yeye yuko jikoni, anaziona sahani, haoni watu. Aliposema umlete mwanao alimaanisha hivyo hivyo. Ndivyo alivyo, anataka kulisha kila mtu.

Usimwambie nimekuandikia. Ataning'oa masikio, halafu atalia, na kilio chake ndicho nisichoweza kukivumilia.

Twyla


Wheelock
31 Machi 1987

Bi. Vavra,

Nilisema sitaandika tena, na hii hapa.

Mwanangu hafanyi kazi upande huo. Anaitwa Neil, ni mwanangu wa pekee, na yumo gerezani hapo kwenu. Alishika usukani wakati wenzake wanavunja duka la mbegu na kumpiga mlinzi. Yeye hakumgusa mtu. Lakini aliwasha gari akangoja, na mlinzi yule hadi leo anatembea kwa gongo. Simtetei. Nilikuwa namwendea kila Jumamosi, basi.

Novemba nilifika getini, askari akapitisha kidole kwenye orodha ya wageni, akaniambia jina langu halimo. Aliyelifuta ni Neil mwenyewe. Mfungwa ana haki ya kukataa mgeni, hata akiwa mama yake. Nimemwandikia, hajajibu. Jumamosi iliyofuata nikaendesha tena, na ya baada yake, na zote hizi. Nauliza, naambiwa jina halimo, nageuza gari. Siwezi kurudi nyumbani moja kwa moja. Nakuja kukaa kwako. Nikila nikashiba pale dirishani, ninapouona mnara wa gereza, najidanganya kwamba mimi na yeye tumekula chakula cha mchana mji mmoja.

Ndiyo maana chumvi ile iliniuma kuliko chumvi inavyouma. Katika safari nzima kilichokuwa kimenibakia ni sahani yako.

Hapa Wheelock hakuna ajuaye. Wakiniuliza hali yake nasema ameongezeka kidogo, anasalimia. Nimekutangulia wewe kulisema. Kama nawe kuna lililokukuta baridi hii, usinionee haya, maana yangu umeshayaona.

Enid Thorsen


Tabor Creek
6 Aprili 1987

Enid,

Nimemuuliza Twyla kama kuna mtu kamwandikia mtu barua. Akaangusha sahani mbili. Basi nimejibiwa.

Nimeshachana karatasi tatu kabla ya hii. Sinusi. Nimeliandika sasa. Daktari wa mjini alinitia mwanga puani, akasema kamba fulani ndogo za kichwani zimekatika nilipoanguka, huenda zikaunga na huenda zisiunge, akaniambia nishukuru Mungu miguu inatembea. Miguu! Ungekuwa unanijua ungecheka. Mimi miguu naifanyia nini? Mama yangu akiingia jikoni alikuwa ananiambia kwa kunusa tu kwamba mchuzi umepungukiwa majani ya giligilani, na mimi nikawa hivyo hivyo. Sasa naamka asubuhi natengeneza kahawa ambayo kwangu ni maji ya moto meusi. Nikisema hadharani, watu watasema Vavra kwisha, na watasema kwa huruma. Huruma ndiyo itakayonifunga mlango.

Sikujua habari za mwanao. Nilikuchoma kidonda nikidhani nakukaribisha. Na neno mjane, Mungu wangu. Ningekuwa karibu ningejipiga kofi mbele yako.

Sasa sikiliza. Kila mtu mji huu ananiambia "tamu sana, Loretta" huku machozi ya chumvi yanamtoka. Wewe ndiye pekee uliyeniambia ukweli, na ukaniambia kwa ukali, kama nduguye mtu. Jumamosi ukishaambiwa lile la kuambiwa getini, usiingie kwa mlango wa mbele. Zunguka nyuma, ingia jikoni, chukua kijiko. Nitapika, utaniambia. Twyla ataandika vipimo ukutani, apate kunisaidia siku nyingine. Yeye ana ulimi mzuri ila ananiogopa. Wewe huniogopi.

Ngazi nimeimwagia mchanga.

Loretta


Wheelock
24 Mei 1987

Loretta dada yangu,

Nimefika salama. Mwendo wote nilikuwa nanuka vitunguu, nikafungua madirisha yote mawili.

Rojo la jana nimelifikiria tena nikiwa barabarani. Chumvi imekaa sawasawa, msibadili hata punje. Pilipili manga bado inakimbilia mbele, ipunguze, au mwambie Twyla aitie mwishoni. Kuku wa kukaanga sina la kusema, na unajua mimi la kusema silikosi. Mzee Lundeen nilimwona kwa macho yangu akila mpaka akalamba kidole. Aliponikuta namtazama akajifanya anajikuna ndevu.

Ulivyomkaripia Twyla kwa kuchoma vitunguu, halafu ukauliza polepole "vimeungua kiasi gani?", nilitoka nje kidogo. Nilisema naangalia gari. Gari lilikuwa zima.

Getini ni vile vile. Askari mpya, kijana, ameanza kunipungia mkono kabla sijafika, ananitikisia kichwa kwa mbali ili nisishuke bure kwenye mvua. Ni mwema. Nashuka hivyo hivyo. Nataka aandike kwamba nilifika.

Enid


Tabor Creek
15 Juni 1987

Kwa Neil Thorsen, Gerezani, Tabor Creek

Kijana,

Hunijui. Mimi ni Loretta Vavra, mwenye mgahawa ulio mkabala na benki, yadi chache tu kutoka kwenye ukuta wenu. Twyla wangu ananiambia nisiandike barua hii, na pengine anasema kweli. Mama yako hajui naandika.

Sikuombi chochote. Nakupa habari tu, kwa sababu nadhani huna. Mama yako anakuja kila Jumamosi. Anapanga foleni getini na wenzake, anaambiwa jina halimo, anaondoka. Amefanya hivyo majira yote ya baridi, kwenye theluji, na anafanya hadi leo. Kisha anakuja jikoni kwangu, anavaa aproni, ananionjea rojo na kila chakula, kwa sababu mimi nilianguka nikapoteza pua. Bila yeye mlango wangu ungekuwa umefungwa. Mji mzima unakula kwa ulimi wa mama yako, na hapana hata mmoja anayejua ila sisi watatu, na sasa wewe.

Anacheka sana akiwa jikoni. Ikifika saa ile wageni wanapotoka kwenu, anasogea dirishani akawatazama wakipita, na hapo huwa hatumsemeshi.

Sababu zako ni zako. Kama ni hasira, kaa nazo. Lakini usikae ukidhani kwamba ameacha kuja.

Loretta Vavra


Gerezani, Tabor Creek
6 Julai 1987

Bi. Vavra,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, ndiyo maana nimechelewa.

Si hasira. Mara ya mwisho kumwona, mama aliniambia kwa kicheko kwamba gari lilimteleza karibu na daraja, likaingia mtaroni, akakaa humo kwenye baridi hadi mkulima mmoja alipopita na trekta. Alinihadithia kama kichekesho. Mimi sikulala. Mwanamke mzima, peke yake, barabara ile, na ni mimi niliyemweka barabarani. Nikamwambia asije hadi barafu iyeyuke, akasema haya, na macho yake yakasema atakuja. Ndipo nikalifuta jina. Nilijua nikimweleza atanishinda kwa maneno, hajawahi kushindwa, kwa hiyo sikumweleza. Barua zake ziko chini ya godoro, sijazifungua. Nilijiambia nikifungua moja nitalegea, naye atarudi barabarani.

Hapa ndani mtu haambiwi nani alirudishwa getini. Nilidhani yuko nyumbani kwenye joto, ananichukia. Niliona kunichukia akiwa salama ni nafuu.

Basi alikuwa anakuja tu. Kwenye theluji ile ile, na hapati hata kuniona. Nimefanya ujinga wa pili juu ya ule wa kwanza.

Barua zake nimezifungua zote. Jina nimelirudisha jana. Wanasema inachukua wiki kadhaa. Tafadhali usimwambie mapema, nisije nikamwahidi kitu wakakikataa. Na ikifika baridi, kukiwa na barafu, mzuie. Akikataa kuzuiwa, ana pa kulala kwenu?

Pole kwa kuanguka.

Neil Thorsen


Tabor Creek
9 Julai 1987

Neil,

Juu ya mgahawa kuna chumba kizuri, kina dirisha na kitanda kizima. Ni chake akikihitaji.

Kumzuia mama yako siwezi. Nimeshamjua.

L. Vavra


Wheelock
2 Agosti 1987

Loretta,

Kwanza nikukasirikie kidogo. Ulimwandikia mwanangu bila kuniuliza. Ningekuuliza mimi kabla ya kuzungumza na mwanao kama ungekuwa naye. Kadi ya gereza ilipofika kwamba jina langu limekubaliwa, niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikadhani wamekosea mtu. Jana asubuhi nilipoanzia kwako kabla ya kwenda getini, nikashindwa kushika kijiko, Twyla naye akashindwa kushika siri, akanieleza yote jikoni huku wewe unajifanya unahesabu viazi. Nikaondoka bila kukuaga. Nimeshamaliza kukasirika. Sikiliza sasa.

Yule askari kijana aliniona kwenye foleni, akaanza kutikisa kichwa kama kawaida yake, kisha akatazama orodha. Akaitazama tena. Akaniambia, "Mama, leo pita," na akanifungulia mlango wa chuma kwa mikono miwili kama wa kanisa.

Neil amekonda. Nywele wamemkata hadi masikio yanaonekana makubwa, kama alivyokuwa shule. Tulikaa tukatazamana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Novemba, hata moja sikulikuta. Ndiye aliyeanza.

"Mama, siku ile ulipoingia mtaroni..."

"Si ungeniambia unaogopa?"

"Ningekwambia ungekuja."

"Na usiponiambia si nimekuja?"

Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Sikujua ni kilio au kicheko, na nadhani hata yeye hakujua. Kugusana hawaruhusu mara ya pili baada ya salamu, kwa hiyo niliweka mkono wangu mezani karibu na wake, na yeye akausogeza wake, tukabaki hivyo.

Saa ilikuwa inakwenda. Mara akauliza, "Huyo Bi. Vavra anasema unamwonjea rojo. Likoje?"

Loretta, nikaanza kumweleza. Nilimweleza mafuta ya nyama yanavyokwaruzwa chini ya sufuria, unga unavyokaangwa hadi unakuwa rangi ya karanga, maziwa yanavyoingia kidogo kidogo huku wewe unamfokea Twyla asiache kukoroga. Nikamweleza mkate wa nyama ukikatwa, ule upande wa nje uliokauka kidogo ambao Lundeen anautaka yeye tu. Nikamweleza viazi. Nilipofika kwenye kitunguu, nikagundua kwamba meza ya pili wameacha kuzungumza. Jamaa mmoja mkubwa, shingo kama gogo, alikuwa na mkewe na mtoto, na wote watatu wamenigeukia. Akasema, "Samahani mama, rudi hapo kwenye unga. Unakaangwa na siagi au na mafuta ya nyama?" Nikamwambia mafuta ya nyama, siagi ni ya watu wavivu. Akamtazama mkewe, akasema, "Si nilikwambia!" Mke akasema, "Nyamaza wewe, msikilize mama." Hata askari wa pembeni alikuwa amesogea, akijifanya anafunga kiatu.

Neil alicheka. Alicheka kwa sauti yake ile ya zamani, Loretta, mpaka akajipangusa macho kwa mkono wa shati.

Nikaendelea hadi kengele ikalia. Askari akatangaza muda umekwisha, watu wakaanza kuinuka, viti vinakwaruza. Yule mkubwa akasimama kwa shingo upande, akasema, "Lakini mama, hujatuambia pai."

Nikafungua mdomo, nikakuta Neil ameshamjibu.

"Atawaambia Jumamosi," akasema.

Wako,
Enid